Nakala ya Tatu Iko Sebuleni kwa Mama

Mama, mulembe!

Nakuandikia kutoka Umoja huku nikila nyama ya mbuzi kutoka soko la Kiamaiko, kwa hivyo usishangae kadi ikiwa na mafuta. Tumeshinda, Mama, na aliyetushindia ni wewe.

Ile kompyuta niliyoiacha ikiwaka huko nyumbani, kando ya televisheni yako, ina nakala ya utafiti wetu wote wa moshi wanaouvuta watoto wa Mukuru kwa Njenga. Nakala nyingine mbili zilikuwa huku, kwenye kompyuta mbili za ofisi. Njoroge, mkubwa wetu, alicheka sana: "Sayansi ikae kwa sebule ya mathako?" Nawe ukaifunika kitambaa ulichofuma. Nilipokukataza kwa sababu ya joto, ukasema kitu cha maana hakikai uchi mbele ya wageni.

Jana transfoma ya mtaa ililipuka. Zile kompyuta mbili tulikuwa tumezichomeka kwenye ukuta mmoja, tukajiona wajanja, na zikaungua pamoja. Njoroge aliketi kwenye ngazi, kazi ya mwaka mzima imeenda. Nikawasha laptopu yangu, nikaiunganisha na kompyuta yako kwa intaneti ya simu. Faili zikaanza kurudi, moja moja, mpaka ya mwisho. Njoroge alipiga kelele hadi majirani wakatoka nje: "Mathe ametuokoa!" Nyama hii amenunua yeye.

Mungu akutunze, Mama, na kikohozi chako kiishe. Njoroge amenituma nikuombe kwa heshima umfumie kitambaa cha kompyuta mpya.

Mwanao,
Nekesa