Salamu Zilizokatwa

Jumatatu, 8 Mei

Mwalimu amesema mistari mitano kila siku, kabla ya kutia tairi upepo. Leo nimeandika sita, mimi si mtu wa kupimiwa. Mvua tangu alfajiri. Maji yamepita kwenye tundu la bati, sufuria imejaa. Mbwa wa jirani amelala chini ya kitanda changu kama mwenye nyumba. Basi.

Mwalimu Anselme ameisoma akiwa amekaa nyuma ya baiskeli, nikimpeleka shuleni kwake, hapahapa Kabondo. Serikali haimlipi tena. Serikali ipi? Donc, kwa hiyo, ninambeba bure, ananisahihisha bure. Amesema: "Tonton, leo umeandika kitu. Jana uliandika sifa." Nimecheka sana. Moyoni nimefurahi kama mtoto. Mimi niliyefika Bangui na Bujumbura, niliyeacha masomo darasa la tano.

Alhamisi, 11 Mei

Sheria za Mwalimu, nisisahau. Andika kila siku, hata bila hamu. Sentensi ikichoka, iache ipumzike, weka nukta. Neno lisilobeba mzigo, shusha. Hiyo ya mzigo naielewa. Kazi yangu ni toleka, kubeba watu kwa baiskeli. Kilima kinakufundisha kupunguza.

Shida yangu ni barua. Véro, mke wangu, yuko Yanonge kwa mama yake, pamoja na Nadège wetu. Walikimbia pale majeshi mawili ya wageni yalipopigana humu mjini mara ya kwanza. Véro hasomi. Katekista ndiye anasoma barua zangu uani, na watu wanaleta viti. Basi nami nawapa. Nina baiskeli tatu. Makoloneli wananipigia saluti. Nyumba ina bati jipya, linang'aa mpaka ndege wanapotea njia. Papa Lofemba, mwenye pirogi, mtumbwi unaobeba barua hizo, anasema watu wanashika mbavu. Mimi ndiyo redio ya Yanonge.

Jumapili, 14 Mei

Papa Lofemba ameleta jibu. Véro anasema: kwa kuwa kwako mambo ni mazuri hivyo, tunakuja. Amechoka kukaa kwa mama yake kama msichana.

Wanakuja. Na askari wanachimba mahandaki mpaka karibu na soko. Juzi bomu lilianguka upande wa Tshopo. Kila mtu mjini anajua vita inarudi, hata mbuzi.

Naogopa. Sina utani hapa.

Jumanne, 16 Mei

Nimemwandikia Véro kurasa tatu. Mwalimu akatoa kalamu yake, bic nyekundu. Tatu zikawa moja, moja ikawa nusu. Zilibaki salamu: mama mkwe, tonton wawili, wajomba wa Véro, katekista, jirani wa kushoto, jirani wa kulia, mjane wa kule nyuma. Nikauliza, na hizi? Akasema: "Zinabeba nini?" Nikaona aibu. Nikazikata mwenyewe.

Ikabaki hivi: Véro. Vita inarudi. Bati limetoboka. Baiskeli ni moja. Nilidanganya. Baki Yanonge na mtoto. Usije.

Safi kama kisu. Hata Bangui hawaandiki hivi. Kuandika "nilidanganya" kumeniuma kuliko jino. Papa Lofemba ameondoka nayo. Nimejipongeza kwa lotoko glasi moja. Ilikuwa mbili. Ile pombe ingewasha pikipiki.

Jumatano, 24 Mei

Papa Lofemba amerudi. Hakukaa hata kwenye kiti.

"Weye, Monsieur Bangui, uliandika nini pale? Watu walingoja salamu, hakuna. Walingoja kicheko, hakuna. Katekista akageuza karatasi, nyuma iko mweupe. Akasema, iko yote, imeisha. Mama mukwe yako akasimama, akaingia ndani."

"Na Véro?"

"Véro alisema: mutu anakataa kusalimia mama yangu, na anakataza mimi nikuje. Iko na bibi mwingine pale. Nitaenda kumuona na macho yangu."

Kwetu barua isiyo na salamu ni barua ya kufukuza mke. Hata mtoto anajua. Vita, bati, uongo wangu, hakuna aliyesikia hata kimoja. Baada ya "Véro" nukta, masikio yalifungwa.

Mwalimu ana diploma, akasahau. Mimi nilijua. Niliona haya kuonekana mshamba mbele ya bic.

Ijumaa, 26 Mei

Mwalimu amekuja kwa mguu. Amesimama mlangoni, kofia mkononi. Nimempa uji. Simlaumu. Mtu aliyefundisha mwaka mzima bila mshahara, utamchapa kwa lipi?

Tumeandika upya, wawili. Salamu zote, jina kwa jina. Mama mkwe kwanza, magoti chini. Halafu tundu la bati, ukubwa wake, unaweza kupitisha bata. Halafu kwamba sina mwanamke mwingine. Nani angemtaka mwenye baiskeli moja? Halafu: nakuomba, usije. Mara tatu, mwanzo, katikati, mwisho. Kicheko kimo na ukweli umo. Hii ndiyo barua. Sasa najua kuandika.

Jumamosi, 27 Mei

Nimeipeleka kwenye bichi, pale pirogi zinapofungwa. Askari wamechukua pirogi ya Papa Lofemba kubebea masanduku yao. Yeye mwenyewe amekaa mchangani na kasia lake.

Nimezunguka kutafuta mtu mwingine wa kuibeba. Hakuna anayetoka.

Jumatatu, 29 Mei

Nimejaribu kwa baiskeli. Kizuizi cha kwanza nilipita kwa utani. Cha pili hawakucheka. Kofi moja, rudi ulikotoka. Barua imelowa jasho mfukoni.

Jumamosi, 3 Juni

Sikuandika jana. Sababu inakoroma hapa kitandani, mguu mmoja juu ya tumbo langu.

Véro ameingia mjini na wauza samaki, Nadège mgongoni, kapu la samaki wa moshi kichwani. Hakunisalimia. Alichungulia chini ya kitanda. Akatoka mbwa. Akaangalia mlango wa nyuma, chungu, kamba ya nguo. Halafu akaangalia juu, akaona mbingu.

"Ndiyo bati jipya hii?"

"Ndiyo."

"Ulisema ukweli mara moja katika maisha yako, na ulisahau kusalimia mama."

Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akalia. Nami. Nimempa barua ya pili. Hasomi, nikamsomea, salamu zote. Akasema hii ni nzuri, angebaki.

Kesho nitatafuta namna ya kuwarudisha. Bichi imefungwa.

Jumatatu, 5 Juni

Tangu asubuhi. Mabomu yanapita juu ya nyumba toka huku kwenda kule na kule kuja huku. Si vita yetu hata. Wageni wawili wanapigana sebuleni mwa mtu.

Tuko chini ya kitanda. Wanne na mbwa.

Mwalimu ni wa nne. Nyumba yake haipo.

Alhamisi, 8 Juni

Umeme hakuna. Maji hakuna. Nadège ana homa. Véro anasema ataenda kisimani kwa jirani. Nimesema niende mimi. Amesema mimi mwanaume, wataniona ni askari. Tumebishana kwa minong'ono.

Ameenda.

Jumapili, 11 Juni

Kimya tangu jana.

Tumemzika Véro uani, nyuma ya jiko. Mimi na Mwalimu. Makaburini hatukuweza kufika, na kila ua Kabondo una udongo mpya.

Ndoo yake iliweza kurudi. Jirani aliileta, na maji nusu.

Sitaki kuandika. Mwalimu amesema andika hata bila hamu. Nimemtukana. Amenisogezea bic. Basi nimeandika.

Jumanne, 20 Juni

Homa ya Nadège imeshuka. Amekula samaki.

Papa Lofemba amepata pirogi ya kuazima. Anashuka Yanonge leo. Amesema habari haijafika kule. Amesema haiwezi kutoka mdomoni mwake, ni mimi niandike.

Nimekaa na barua hiyo tangu asubuhi. Mama mkwe wangu mpendwa, nakusalimu. Tonton wote wawili, nawasalimu. Katekista. Jirani wa kushoto na watoto wake, jina kwa jina. Wa kulia. Mjane, na mguu wake unaouma. Mwalimu anaangalia, hajakata neno. Ukurasa umejaa, nimegeuza. Nimeongeza watu ambao sijawahi kuwasalimia. Mwenye kinu. Mtengeneza nyavu. Mbuzi.

Sasa sina mtu tena wa kusalimia.

Papa Lofemba amekohoa mlangoni. Nimemwomba mpaka kesho. Ameangalia upande wa mto, ameangalia karatasi. Amevua viatu, ameketi. Nadège amemletea maji.