Greda Imeishia Shambani

Matungu, Jumanne 14 Agosti 1979

Baba Makokha,

Leo greda imefika. Imesawazisha barabara hadi mwisho wa shamba letu, kisha ikageuka. Miwa imekomaa, kwa hiyo matrekta lazima yapite. Kipande cha kwenda zahanati wamekiacha vilevile, pale mkokoteni ulipokwama kwenye matope nawe ukafia mikononi mwangu, ukiniuliza kama ng'ombe amekunywa maji.

Diwani alisimama kando, viatu vinang'aa.

"Mama, unaona ushuru wenu unavyofanya kazi?"

"Naona, mheshimiwa. Mume wangu angekuwa muwa, mngemfikisha."

Akacheka, mpumbavu yule, akidhani namtania.

Kesho wanavuna. Ushuru wa barabara watakata tena kwenye malipo ya miwa. Nami nikiugua wakati wa mvua...

Wewe unikumbuke tu.