Nywele za Mbega kwenye Ndoano

Mama mshauri, shikamoo. Najua nakuzidi umri, lakini mwenye shida ndiye mdogo, kwa hiyo ipokee tu. Naomba unisaidie kabla hatujamzika mtu huku, maana naona tunakoelekea. Mimi ni mzee wa Kirua Vunjo, mke wangu alishatangulia, shule niliishia darasa la nne mapadre waliponichoka, na majina ya humu nimeyabadilisha yote isipokuwa la mbega.

Kazi yangu ya mikono ni kufunga nzi. Cheka umalize. Mito yetu ya juu, kule maji yanakouma meno, ina samaki anaitwa trauti ambaye Wazungu walimleta zamani, na huyo ana madaha, anapenda wadudu wanaoanguka majini, basi unachukua ndoano ndogo unaizungushia uzi na unyoya wa shingo ya jogoo mpaka ifanane na nzi, na mimi nilifundishwa na bwana mmoja wa shamba la kahawa niliyekuwa nambebea kikapu, yeye akarudi kwao na mimi nikabaki na ujuzi ambao hapa kijijini hauna hata wa kuuonea wivu. Marehemu mke wangu alikuwa akiwaambia wageni, “Msimsumbue, anawashonea wadudu nguo za Krismasi.”

Sasa mkwe wangu Tito, aliyemwoa binti yangu Stella, alipofungua duka la intaneti Moshi mjini akanionyesha kwamba ndani ya kompyuta kuna baraza, watu wa Skotilandi, wa Norwei na wa wapi sijui wanakaa kufundishana kufunga nzi, watu wazima wenye wajukuu, nikajua kumbe wagonjwa wa ugonjwa wangu tuko wengi. Kila Jumamosi nikawa nashuka mjini, mimi nasema Kiswahili, Tito anaandika Kiingereza na kuwapelekea picha za vidole vyangu. Mama mmoja wa Norwei alinifundisha fundo la kumalizia ambalo halifunguki hata samaki akitafuna, nami nikamfundisha kulaza unyoya wa jogoo uliolowekwa mate, akaandika kwamba mate yake hayafai kama yangu, na mimi nikacheka njia nzima ya kurudi Kirua watu wakidhani nimetoka kunywa mbege.

Nyumbani nina ngozi ya babu yangu, ya mbega yule kima mweusi mwenye mkia mweupe, kama zile walizovaa wakubwa wa zamani, na nywele zake nyeupe za mkiani ndizo nilizokuwa natengenezea mabawa ya nzi wangu, zikiwa majini zinapumua kama kitu kilicho hai. Siri yake ni ukataji, unakata kwa mshazari na kuacha visiki vifupi upande mmoja tu, vinginevyo zinasimama kama ufagio. Nikawapa siri hiyo. Wakanisifu. Mama, mimi sifa zikinipanda sina breki. Mzee mmoja wa Skotilandi akauliza kama nywele kuukuu hazikatiki, nikamwambia Tito andika kwamba za mbega aliyekufa jana ndizo bora kupita zote, hata samaki anazijua. Uongo mtupu, mbega wa jana sijawahi kumgusa, nilitaka tu wanione mtu wa msituni. Wakaanza kuuliza watazipataje. Mimi nikaona ni mazungumzo. Tito akaona ni soko.

Miezi ikapita. Halafu askari wa misitu wakafukua ngozi za mbega kwenye kihamba cha jirani yangu Primus, chini ya migomba, karibu na mfereji unaotutenganisha. Primus anakata majani ya ng'ombe pembeni mwa msitu, kwa hiyo hawakuhitaji kufikiri zaidi, wakamkamata. Wakazitandaza mbele ya ofisi ya kijiji, zinanuka, inzi wa kweli wamejaa, watu wengine wanasema anauza ngozi, wengine wanasema uchawi. Mimi nilitazama mikia. Ilikuwa imekatwa kwa mshazari, visiki vimeachwa upande mmoja.

Nikashuka mjini siku hiyohiyo. Tito alikuwa anamwuzia mzungu mmoja kadi ya simu. Nikamngoja.

“Tito, ile mikia nimeiona.”

“Mikia gani, baba?”

“Usinifanye mtoto. Kazi ya mkono naijua, nilikufundisha mwenyewe.”

Akafunga mlango. “Baba, si wewe uliyesema wa jana ndiye bora? Niliandika kwa vidole hivi.”

“Nilisema kwa mdomo, Tito. Na mdomo wangu unaujua.”

“Wao hawaujui. Walitaka, nikawatafutia, nikatega waya msituni na ngozi nikazifukia kule mferejini. Sasa nenda polisi ukamweleze Stella na hilo tumbo lake kwamba baba wa mtoto umemfunga wewe.”

“Na Primus?”

“Primus ataachiwa. Hana kitu, watamfanyia nini?”

Primus hajaachiwa, mama mshauri. Yuko mahabusu na kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani, sasa anakohoa damu, mkewe Lukresia anampelekea kiburu cha ndizi na maharage na kinarudi hakijaguswa. Mimi nimeacha kwenda kwenye baraza la nzi, nimekaa ndani kama kuku anayeatamia.

Halafu juzi mama yake Primus, bibi Kornelia, alinikuta mferejini nikifungua maji. Akaniambia, “Baba Stella, mwanangu akitolewa mle ndani kwenye jeneza nitavunja chungu.” Nikamwuliza utamvunjia nani, mama Primus, jina lenyewe hulijui. Akasema, “Chungu kitalijua.” Kama wewe si wa huku, elewa kwamba laana ya chungu haiulizi anwani, inamtafuta mkosaji na inapita ukoo wake mpaka kwa aliye tumboni. Mimi ni Mkatoliki wa ubatizo na kipaimara lakini usiku huo sikumaliza hata Baba Yetu moja.

Nimefikiri hivi. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, na mwenye heshima akipelekewa isale hakatai kusamehe. Nataka nimtume mzee mmoja ampelekee bibi Kornelia isale na mbuzi, bila kutaja nani kakosa nini, apokee, chungu kikae salama, mengine tumwachie hakimu na Mungu, ambao wote hawana haraka. Je, isale la namna hiyo linashika? Na nimfanyeje Tito, na Stella?

Mimi Mzee wa Nzi, Kirua Vunjo.

JIBU

Mzee wa Nzi, shikamoo yako nimeirudisha, usije ukanifanya mkubwa wako kwa hofu. Barua yako imenichekesha mpaka katikati, baadaye nikaona aibu kwamba nilicheka.

Kwanza hilo isale. Unataka kumtegea mama mzee kwa desturi yake mwenyewe, apokee bila kujua anasamehe nini, halafu mwanawe akifia ndani awe amefungwa mdomo. Huo si msamaha, ni mtego, na hauna tofauti na waya aliotega mkweo kule msituni. Isale linapelekwa na aliyekwisha sema kosa lake. Kalichume hilo jani baadaye.

Pili, umenieleza habari za chungu kwa aya nzima na habari za damu ya Primus kwa mstari mmoja. Unaogopa kitu ambacho bibi Kornelia bado hajakivunja, na kile ambacho wewe unakivunja kila siku unapokaa kimya unakiita kuatamia. Hakimu na Mungu huenda hawana haraka. Kifua cha Primus kina haraka.

Tito amekosa na anajua. Lakini wewe pia usijifiche nyuma ya mgongo wake. Uliwarushia watu wasiokujua neno la majivuno, wakaliamini kwa sababu ulikuwa umewafundisha mambo ya kweli kabla yake. Mtu aliyefundishwa vizuri anaamini na upuuzi wa mwalimu. Rudi kwenye hilo baraza, safari hii tafuta mwandishi mwingine, uwaambie wazi kwamba ulidanganya, kwamba mbega wameuawa na mtu yuko mahabusu kwa ajili ya mabawa ya nzi, na aliyetumiwa nywele hizo aseme alizipata kwa nani. Mama wa Norwei akikuchukia, vumilia.

Polisi nenda na nzi mmoja uliyemfunga kwa mkono wako, na mkasi wako, na ile ngozi ya babu. Waombe walete mikia uliyoiona, ukate mbele yao, walinganishe. Hakuna mtu mwingine hapo Kirua anayeweza kuwaonyesha hilo, na Primus hajui hata kwamba ukataji huo upo duniani. Mwambie Tito kwanza kwamba unakwenda, umpe nafasi ya kutembea nawe. Asipotaka, nenda peke yako. Waambie pia kuhusu kikohozi, wadai apelekwe hospitali leo, usisubiri kesi.

Stella atalia, na pengine hatakuita baba kwa muda mrefu, na mtoto huyo anaweza kuzaliwa baba yake akiwa ndani. Hilo sina dawa yake, na sitakudanganya kwamba litaisha vizuri. Ila mwambie wewe mwenyewe, usimwachie asikie kwa watu wa sokoni.

Neno la mwisho. Majina umeyabadilisha, sawa, lakini wazee wafunga nzi hapo Kirua Vunjo mko wangapi? Nilifikiria kuiondoa sahihi yako, kisha nikaiacha makusudi. Gazeti hili linafika kwenu Jumapili asubuhi na watu hulisoma wakitoka misa ya kwanza, na Lukresia atasomewa kabla ya saa nne. Kituo cha polisi Jumapili hakifungwi. Vaa koti, utangulie.