Reli Iliyopita Chini ya Kitanda

Elisabethville, mtaa wa Kenya
8 Januari 1963

Ndugu yangu mpenzi Ngalula,

Pokea salamu zetu sote, za lupangu nzima, wakubwa kwa wadogo wa ua wetu, hata za yule kuku mweupe uliyekuwa unamwogopa. Sisi ni wazima. Mama yangu anakohoa kidogo tangu vita vya mwisho wa mwaka, kwa sababu tulilala siku nne sakafuni nyuma ya magunia ya unga, na sakafu ilikuwa baridi. Baba ameanza tena kushona, cherehani haikupata hata mkwaruzo. Na ninyi je? Miguu ya mama yako, Mama Germaine, imeacha kuvimba? Kaka yako, Yaya Clément, bado anapiga mluzi akiwa na tonge la bukari mdomoni? Baba yako, Tata Émile, analala vizuri? Nijibu moja moja, usiruke hata swali moja.

Barua yako ilinifikia Jumamosi kwa mkono wa Tata Pierre, yule muuguzi aliyekuja na ndege ya ONU, ya Umoja wa Mataifa. Niliificha kwanza chini ya kitenge nikaisoma peke yangu, kisha nikawasomea wazazi. Uliandika kwamba siku treni ilipowapeleka Kasai, mlipofika Kamina saa sita mchana, watu wote ndani ya behewa walikuwa kimya na watoto wanalia kiu, na Tata Émile akachungulia dirishani akatangaza kwa sauti ya kazini kwamba hapo ni kwenye kinu cha Mama Germaine, abiria wachunge vidole. Na Mama Germaine, ambaye hakuwa amecheka tangu kambini, akacheka mpaka akajifuta macho. Ngalula, hapo nilisoma mara mbili.

Unisamehe nikikusimulia mambo uliyoyaona kwa macho yako. Tangu muondoke sina mtu wa kuyakumbuka pamoja naye, na shule nimemaliza, kwa hiyo siku ni ndefu. Nikiyaandika nayaona tena.

Naiona ile Julai ya mwaka 1960, wazungu walipokuwa wanafunga masanduku yao. Mkubwa wa ofisi ya Tata Émile kule kwenye reli alimwachia boksi la treni ya kuchezea, lenye mashini ndogo ya kijani, ya kuzungusha ufunguo ubavuni, na mabehewa matatu, na reli zinazotosha duara moja tu. Sote tulipiga makofi ilipozunguka, isipokuwa baba yako. Aliitazama mizunguko mitatu, halafu akasema huyo ni mbwa anayefukuza mkia wake. Treni inatoka mahali na kufika mahali.

Kesho yake alipiga magoti na chaki akaanza kuchora njia yote, Elisabethville kwenye mlango wa mbele mpaka Luluabourg nyuma ya pazia la chumba cha wazazi wako. Mtu mwingine angepima kwa ramani. Yeye alikuwa karani wa saa za treni kwa miaka kumi na minne, kwa hiyo alipima kwa saa: kila saa moja ya safari, shibiri moja ya sakafu. Jadotville ikaangukia chini ya meza, Bukama katikati ya njia ya kwenda uani, na Kamina ikaangukia pale pale kinu kilipokaa. Mama Germaine alimwomba aisogeze kidogo tu. Alikataa, akasema saa ni saa. Mama yako akamuuliza, kama saa ni saa, basi saa ya kutwanga mihogo ameiandika wapi? Tata Émile akafikiri, akachukua daftari, akaandika kwamba kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na moja hakuna treni inayopita Kamina. Na hakuna iliyopita, mpaka mwisho.

Reli za duara hazikufika hata Jadotville. Zilizobaki tulitengeneza wenyewe. Baba yangu alitupa zile kanda za chuma zinazofunga makasha ya vitambaa, Yaya Clément akazinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe, na Tata Émile akakata vibao vya sanduku la sabuni, kila kibao akakitia mikato miwili kwa msumeno, ukanda ukasimama wima ndani ya mkato. Wewe ulikuwa na kile kijiti cha kupimia nafasi kati ya reli na reli, na ulikuwa mkali kuliko mwalimu. Mlima wa mabaki ya kiwanda cha Jadotville tuliufanya kwa makaa, na bomba lake la moshi kwa kopo la maziwa. Mama Germaine alifagia Jadotville asubuhi mbili mfululizo, akisema hakujua ni mji, alidhani ni uchafu.

Mimi nilikuwa nakaa kwenye kizingiti. Unajua nilivyo. Nilipitisha misumari, nilishika kibao nilipoambiwa nishike. Yaya Clément aliniita abiria asiye na tiketi, na kila treni ilipoanza safari alinijia na mkono umenyooshwa akidai nimwonyeshe, na nyote mlicheka, nami nilicheka pia, nikiangalia chini.

Unakumbuka kona ya mguu wa kitanda? Kwenye daftari la saa za treni hakuna kona, ndiyo sababu Tata Émile hakuiweka katika hesabu. Reli ilipinda hapo kwa ghafla, na kila mara mashini ilianguka upande wa ukutani. Yaya Clément alisema mabehewa ni mazito. Tata Émile alisema mwendo ni mkali. Wewe ulisema kitanda kina pepo. Mimi nilikuwa nimesafiri na baba kwenda Jadotville mwaka ule, na nilikuwa nimeona kwamba kwenye kona behewa linalala kidogo kuelekea ndani, kwa sababu reli ya nje imeinuliwa. Nilijua, lakini maneno hayakutoka. Mlipokwenda kunawa mikono ili mle, nilikunja karatasi ngumu ya pakiti ya sigara nikaisukuma chini ya vibao, upande wa nje. Mlipomaliza kula, mashini ilipita.

Yaya Clément aliinua mikono kama mshindi wa mpira. Tata Émile akalala kifudifudi, akaiona karatasi, akauliza ni nani. Akageuka kwenye kizingiti, nami nikaangalia vidole vya miguu yangu. Siku iliyofuata nilikuta kigoda pale ninapokaa, na alisema injinia hakai chini. Tangu hapo hakuniita Feza tena.

Lakini ufunguo ulikuwa wa Yaya Clément. Simlaumu, hakuna aliyeninyima. Sikuomba tu. Kwa mwaka mzima nilisikia ile kamani ikijikaza, kri, kri, kri, nikazihesabu, ishirini na mbili, na sikuwahi kuizungusha mimi mwenyewe hata mara moja.

Halafu ukaja mwezi wa nane wa mwaka 1961, na watu wa Kasai kama ninyi wakaanza kutafutwa na askari nyumba kwa nyumba. Mlifunga mizigo mchana mmoja. Tata Émile alikuja kwenye ua wa kati yetu na mashini imefungwa katika taulo, akaipitisha juu mikononi mwangu, akasema, « Nitunzie, injinia. » Mkaenda kambini kwa ONU. Baada ya wiki mbili watu wengine waliingia nyumbani kwenu. Walitoa reli nje rundo moja, na vibao wakavipikia maharagwe. Nilisimama upande wetu wa ua nikatazama. Hawakuwa watu wabaya, hawakujua ni nini.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na kalamu imekuwa nzito.

Unajua kwamba Mama Léonie, yule muuza mboga wa mtaani kwetu, alikuwa anapeleka lengalenga kuuza kambini. Siku moja alileta ujumbe wa Tata Émile. Alisema watoto kambini ni wengi, hawana shule, wanashinda kwenye vumbi, na yeye amekusanya kanda za makasha ya chakula na amewafundisha kujenga reli kati ya mahema. Alisema wamefika mbali, kuliko urefu wa nyumba yenu mara tatu. Imebaki mashini tu. Kama wazazi wataniruhusu, niilete.

Wazazi waliniruhusu. Nilikwenda. Na jioni nilimwambia Mama Léonie, na baba, na mama, kwamba askari wa kizuizi cha barabarani walipekua kikapu changu, wakanitukana, wakanirudisha. Mama alinikumbatia. Mama Léonie akawapelekea ninyi habari hiyo. Na baadaye mkapanda treni.

Na sasa umeniandikia kwamba Tata Émile hajaacha kulisema jambo hilo. Kwamba katika sala ya jioni anajilaumu kwa kumtuma mtoto wa watu kati ya bunduki kwa ajili ya kichezeo. Kwamba alikuamuru uandike neno kwa neno: anamwomba msamaha injinia, na anawaomba msamaha Baba Asani na Mama Amida. Nilipowasomea wazazi sehemu hiyo, baba alivua miwani akasema huyo ndiye mtu, tena akaniambia nimjibu upesi kwamba hakuna kosa. Nikasema ndiyo baba.

Ngalula, hakuna askari aliyenirudisha. Kizuizi kilikuwapo, na askari alikuwapo, kijana wa Kasenga, alikuwa anakula muhogo wa kuchoma. Hakuangalia hata kikapu. Aliniambia, « Pita, dada, jua kali. » Nilipita. Nilifika mpaka kwenye waya wa kambi. Niliwaona. Tata Émile alikuwa amepiga magoti, shati limekuwa kubwa juu yake, na watoto labda thelathini wamemzunguka. Yaya Clément alikuwa amesimama mwanzo wa reli, anawaonyesha kwa mkono mtupu jinsi ufunguo utakavyozungushwa. Wewe ulikuwa mbali kidogo, unasuka nywele za mtoto. Ningeita tu jina lako.

Niliona kwamba nikiitoa ile mashini kwenye kikapu, itakwenda kwenye mkono wa Yaya Clément, nami nitakaa tena pembeni. Hilo ni moja, na ni aibu. La pili ni kwamba nilikuwa nimejiambia moyoni kuwa mashini ikiwa kwetu, ninyi mtarudi. Mtu harudi mahali ambako hakuacha kitu. Niliamini hivyo kabisa, nikiwa na miaka kumi na sita, si mtoto mdogo. Nikageuka. Yule askari aliniuliza kwa nini nimerudi haraka hivyo, kama nimesahau chumvi, akacheka. Huyo ndiye niliyemwita mtukanaji mbele ya watu wote.

Nyumbani niliizungusha. Ishirini na mbili. Niliiweka sakafuni, na kwa kuwa hakuna reli ilikwenda kombo ikagonga ukuta, ikabaki inasaga magurudumu pale. Uliandika kwamba wale watoto waliishia kuvuta kopo la samaki kwa kamba juu ya reli zao mpaka mkaondoka. Mimi ndiye niliyewapa hilo kopo.

Jana nilimwambia baba. Aliacha kukanyaga cherehani. Nilisubiri anigombeze, hakunigombeza. Aliniuliza tu kama karatasi ya kuandikia ninayo.

Tata Pierre anarudi Bakwanga, huko kwenu, Alhamisi. Amekubali kubeba kitu kimoja kisichozidi ukubwa wa kiatu. Mashini iko ndani ya boksi, nimeipaka mafuta ya cherehani, inatembea vizuri. Nitakuambia pia wazo lililonijia, ili usinidhanie kuwa mwema kuliko nilivyo. Niliwaza niipeleke bila maneno. Tata Émile angefungua boksi, angewaita majirani, angesema tazameni, mtoto yule amenitunzia katika vita vyote. Angenisifu mpaka kufa kwake. Usiku wa siku mbili nimelala na wazo hilo, nalo lilikuwa tamu.

Kwa hiyo nimemwomba Tata Pierre hivi, na amekubali ingawa aliniona wa ajabu: siku ya kwanza akupe barua peke yake. Boksi abaki nalo kwake. Wewe msomee Tata Émile barua hii kama unavyomsomea zote, kwa sauti, usipunguze kitu, hata sehemu ya askari. Mwambie aache kujilaumu katika sala, maana kila jioni anayofanya hivyo mimi ninamwibia tena. Akishasikia yote, kama bado anaitaka mashini kutoka kwangu, atume mtu kwa Tata Pierre kuichukua. Kama anataka kukasirika kwanza, akasirike, wala usimtetee rafiki yako. Sitaki aifurahie kabla hajajua.

Msalimie Mama Germaine, mpe mkono kwa niaba ya mama yangu. Msalimie Yaya Clément, mwambie ufunguo umefungwa kwa uzi kwenye mashini yenyewe. Baba na mama wanawasalimu nyumba nzima. Hata mkininyamazia, mimi nitaendelea kuwaandikia kila mara Tata Pierre atakapokuja.

Ni mimi, rafiki yako,

Feza, binti Asani