Termosi ya Mama Bahati

Yaya Neema, wewe na batoto, jambo kutoka huku mtaani Chinsapo, kwenye jua na nsima, ugali wa huku, ya moto.

Kesho napeleka picha moja kwenye maonyesho mjini, na sirudi kambini Dzaleka mpaka itundikwe. Nilipanga nyanya tatu mezani, nikazimulika kwa tochi ya simu iliyofunikwa mfuko mweupe. Mwenyeji wangu, Mama Bahati, akapanga kwa nyuma termosi na vikombe vya wageni. Alipoona picha niliyopiga, nyanya zinaonekana wazi na vyombo vimefifia nyuma, akanuna: "We fundi gani? Vyombo vyangu umevigeuza moshi!"

"Mama, njo ufundi wenyewe."

"Basi nyanya njo zikuwe moshi!"

Nikapiga ya pili, nikilenga termosi. Geuza kadi hii uione: termosi inang'aa kama bibi arusi, nyanya ni wekundu tu uliofifia kwa mbele. Hiyo njo napeleka. Imeshinda ile yangu ya kwanza, ila usimwambie.

Niombee, yaya.

Mdogo wako, Asifiwe