Njia ya Maji ya Wodi ya Wazazi

Jumatatu, 8 Julai 1985

Gari la parokia limerudi kutoka Arusha na mabomba. Ya plastiki! Ya kijivu, marefu kuliko mlango wa kanisa. Nilidhani ni mazito kama yale ya chuma ya tenki. Nikainama, nikanyanyua kwa nguvu zote – nusura nianguke chali. Mepesi kama mabua! Fundi alicheka hadi akashika tumbo. Anaitwa Inosenti, wa Rombo, umri wa mwanangu Qamara. Anasema haya ni ya kutolea maji machafu ya wodi mpya ya wazazi hapa zahanati.

Wanaume wote wako shambani, mahindi yamekauka. Hawaji kujitolea mpaka Jumamosi ya tarehe 20, siku ya kumwaga zege la sakafu. Na bomba lazima lilale chini kabla ya zege. Fundi akauliza nani atamshikia. Sista Antonia hakufikiri hata kidogo: "Mama Qamara." Mimi! Mfagizi! Shemeji Hhando, mwenyekiti wa ujenzi, akasema, "Basi tutaona bomba limesukwa kama kikapu." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Lakini Mungu wangu, wewe unajua. Miaka kumi na moja nimebeba maji ya wazazi kwa ndoo, damu na yote, kutoka kitandani hadi shimoni nyuma ya jiko. Mvua, matope, mgongo. Kama kuna mtu anayetaka kuona maji hayo yakienda yenyewe, ni mimi.

Jumanne, 9 Julai

Kukata.

Fundi alichukua ukurasa wa gazeti kuukuu, akauzungusha kwenye bomba mpaka kingo zikakutana sawasawa, akapitisha penseli. Mstari ulionyooka juu ya kitu cha mviringo! Nimesoma hadi darasa la nne na sikuwahi kuonyeshwa jambo zuri hivyo. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Msumeno ni ule wa kukatia chuma, meno madogo kama ya panya. Nilianza polepole mno. "Mama, unalionea huruma? Kata, halilii." Nikakata. Likaenda upande. Kipande cha pili upande. Cha tatu nilizungusha bomba kidogo kidogo huku nikikata, nikifuata mstari – kikasimama juu ya meza wima kama kikombe! Nilikiacha hapo muda, nikikitazama tu.

Kisha kisu, kukwangua vinyuzi vilivyobaki ndani. Fundi ni mkali hapo. Uzi mmoja ukibaki unashika pamba, pamba inashika kitambaa, na mwakani mnanitukana mimi, anasema.

Unga wa plastiki umeingia kwenye nywele zangu. Wa kijivu, kama mvi. Nimezeeka kwa siku moja!

Jumatano, 10 Julai

Leo nimeona gundi. Sijui niandikeje.

Kwanza unaingiza bomba kavu kwenye soketi, kile kipande kipana cha kuungia, unaweka alama limeingia wapi. Unachomoa. Unasugua kwa msasa, unafuta vumbi. Unapaka gundi huku na huku kwa brashi – harufu kali, kichwa kinazunguka, fundi kafungua madirisha yote. Halafu unasukuma, unazungusha robo, unashikilia. Muda gani? Hesabu hadi thelathini, akasema. Mimi nilishikilia Baba Yetu moja, polepole, mpaka Amina.

"Vuta sasa."

Nikavuta. Nikaweka mguu, nikavuta. Nikakaa chini nikavuta huku nikisukuma kwa miguu miwili kama mtu anayemzalisha ng'ombe! Halikutikisika. Fundi anasema si kwamba vimenata. Plastiki imeyeyuka pande zote mbili, vikawa kitu kimoja. Huwezi kuona tena hiki kiliishia wapi na kile kilianzia wapi. Ukikosea hakuna kubandua, ni kukata tu.

Nilikumbuka siku ya ndoa yangu, padre akisema mwili mmoja. Marehemu mume wangu alishika mkono wangu. Nilielewa leo, na gundi vidoleni! Mungu anisamehe kama nimekosa adabu.

Alhamisi, 11 Julai

Chini ya sinki la wodi mpya kuna bomba lililopinda kama shingo ya bata. Fundi analiita trapu. Nikauliza kwa nini lisiende moja kwa moja, njia fupi. Akamimina maji. Yakapita – lakini kidogo yakabaki kwenye kona. Hayo yaliyobaki, akasema, ndiyo mlango. Harufu ya shimoni ikipanda inakuta maji, inarudi.

Maji kidogo tu, ya kujaza bakuli la uji. Yanakaa hapo usiku na mchana yakilinda chumba kizima, bila mlinzi, bila kufuli. Nilitamani kupiga magoti.

Naishorua alikuwa mlangoni. Ni binti wa Kimaasai kutoka Nainokanoka, amekuja kusubiri siku zake za kujifungua hapa, mtoto wa kwanza alimpoteza njiani kabla ya kufika zahanati yoyote. Huniita yeyo, kama mama yake. Alitazama mabomba yaliyotandazwa, akatazama ile kona, akasema, "Yeyo, hii ni matumbo ya nyumba." Amechinja mbuzi wengi huyo! Fundi akasema hajasikia mwalimu wa chuo akieleza vizuri hivyo.

Ijumaa, 12 Julai

Fundi ana homa. Anatetemeka, blanketi tatu. Sista amemlaza wodi ya wanaume, kampa sindano.

Jumamosi, 13 Julai

Nimelaza bomba peke yangu!

Fundi alinifundisha kila kiungo, na elbo, ile kona ya bomba chini ya ukuta, tuliunganisha naye Alhamisi jioni. Yaliyobaki ni mabomba matatu kutoka elbo, chini ya sakafu ya wodi, hadi shimo jipya la mawe huko nje, la kupokea maji. Hatua kumi na nane. Nilimwendea kitandani, nikamwambia naendelea. Akasema ndiyo mama, ndiyo, macho yamefumba. Sina hakika alinisikia.

Nilichimba mfereji kama tunavyochimba tuta la shamba. Mtu wa huku hafundishwi hilo. Maji yakikimbia yanakula ardhi, kila mtu ameona makorongo yalivyomeza mashamba. Kwa hiyo unayatuliza, unayalaza, yanatembea kwa upole. Nikaweka pima maji juu ya kila bomba, ile ya kioo yenye povu, kama fundi alivyofanya kwenye sinki. Povu likatulia katikati kabisa. Bomba la pili – katikati. La tatu – katikati! Nikapaka gundi, nikashikilia, Baba Yetu mara tatu. Nikajengea mdomo kwenye ukuta wa shimo.

Niliimba peke yangu kule mferejini.

Jumapili, 14 Julai

Baada ya misa Sista alisema mbele ya watu wote kwamba bomba la wazazi limelazwa na mwanamke wa parokia hii. Makofi! Nilitazama viatu vyangu. Shemeji Hhando akaniuliza kama sasa anilipie mahari upya, mahari ya fundi. Hata yeye alikuwa anatabasamu.

Jumatatu, 15 Julai

Leo nilimwaga ndoo moja ya maji kwenye sinki, nikijifurahisha tu. Nikakimbia nje hadi shimoni kuona yakitoka.

Hayakutoka.

Nikasubiri. Likaja tone. Uzi mwembamba. Basi. Nikachungulia mdomo wa bomba kwa tochi – maji yamekaa bombani kama yaliyo kwenye hori la ng'ombe. Yamelala. Yamelala kwa upole kabisa, kama nilivyoyalaza mimi.

Nikamwaga ya pili na majivu kidogo ndani. Maji yakasogea. Majivu yakabaki.

Ee Mungu. Pamba itabaki. Damu itabaki. Chini ya zege.

Jumanne, 16 Julai

Sikumwambia mtu. Nimefagia wodi mara tatu. Sista akauliza kama na mimi nina homa.

Jumatano, 17 Julai

Nimesema.

Fundi alikuwa ameketi juani na blanketi, uso umekonda, anakunywa uji. Nilisimama mbele yake kama mtoto aliyevunja chungu. Nikamwambia yote, na pima maji, na povu, na tuta. Mwanzo akacheka. "Mama, umelima bomba!" Halafu akaacha kucheka, akaweka uji chini, akatembea polepole hadi mferejini.

Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya bomba. Kisha akasema kosa ni lake, hakunifundisha mteremko. Kila hatua moja, bomba lishuke upana wa kidole. Si zaidi sana, si pungufu. Yakilala, uchafu unabaki. Yakikimbia mno, maji yanatangulia na uchafu unaachwa nyuma. Yanatakiwa yatembee pamoja!

Unaona? Miaka yote nimejua maji ya kuzuia. Sikuwahi kufikiri kuna maji ya kusindikiza. Kidole kimoja tu kati ya uzima na uvundo, na Mungu aliweka hata hilo kwenye matumbo yetu bila pima maji. Niliona haya na nikastaajabu kwa wakati mmoja, sijui kama mtu anaruhusiwa.

Elbo imeshikwa na ukuta, haing'oki. Ni kukata bomba shubiri moja kutoka elbo, kutoboa ukuta wa shimo la nje chini zaidi, kuchimba upya, kuliteremsha bomba zima, kuunga tena. Soketi imebaki moja. Gundi – aliinamisha kopo. Ya kiungo kimoja. Ikishindikana ni Arusha, na petroli ya gari la parokia ni ya kubahatisha, labda mwezi, labda zaidi. Na wanaume wakija Jumamosi bila kazi hawarudi, Hhando ameshasema, ngano inafuata.

"Nani atakata?" nikauliza.

Akanionyesha mikono yake. Bado inatetemeka.

Alhamisi, 18 Julai

Nimechimba toka alfajiri. Naishorua akaniletea maji ya kunywa mara mbili, mara ya tatu hakuja. Fundi akapima kwa kijiti na uzi. Kidole, kidole, kidole. Hapa umezidisha, mama. Rudisha udongo, shindilia.

Saa kumi nilizungusha gazeti, nikapitisha penseli. Nikakata. Sikupumua. Mstari ulinyooka, ninaweza kuapa. Nikakwangua vinyuzi mpaka fundi akasema inatosha, utatoboa. Gundi ilikuwa nzito, ya mwisho wa kopo, nikakomba na brashi pembeni zote. Tukasukuma wawili, yeye huku mimi kule, robo, na kushikilia. Mikono yake ilikuwa moto. Tulisali pamoja, na yeye ni Mlutheri!

Lisiguswe na maji mpaka Jumamosi, fundi kasema.

Ijumaa, 19 Julai

Naishorua amejifungua asubuhi, kwenye chumba cha zamani. Msichana. Mzima! Amelia kwa nguvu hadi wagonjwa wa nje wakapiga vigelegele. Mama yake amelala akitabasamu.

Nilibeba ndoo tisa. Sikuona uzito. Kila nikipita karibu na wodi mpya nilitazama pembeni, niliogopa kulitazama lile bomba.

Jumamosi, 20 Julai

Naandika kwa penseli, nimekaa ndani ya mfereji, daftari magotini. Fundi amesema nisiondoe macho kwenye kiungo kwa saa nzima. Nikiandika naandika bila kuangalia, mistari itapanda na kushuka, basi.

Wanaume wamekuja. Kumi na saba, na makoleo yao. Mchanga umemwagwa, kokoto ipo, mifuko ya simenti imepangwa ukutani, haijafunguliwa. Fundi ameziba mdomo wa bomba kule shimoni kwa mpira wa tairi, amefunga kwa waya. Tumejaza maji kutoka huku juu hadi kwenye alama ya penseli kwenye bomba la wima. Kabla ya kuziba nilimwaga ndoo moja yenye majivu, bomba likiwa wazi, na nilisikia. Nilisikia yakipita chini yangu! Yakitembea, si kukimbia. Kule nje fundi akapiga kelele, "Yamefika! Na majivu yamefika!" Machozi yalinitoka, sikuyafuta, mikono ilikuwa na udongo.

Sasa yamejaa, yamesimama, yanasukuma kiungo changu kutoka ndani. Yakitoka hapa ni chini ya zege milele, yataloweka msingi na hakuna atakayejua mpaka ukuta upasuke.

Nusu saa imepita. Maji hayajashuka kwenye alama, anasema fundi. Wanaume wanapiga soga. Mmoja anauliza kama tunasubiri bomba lichemke. Hhando anatembea huku na huku. Jua litakuwa kali, zege halipendi jua kali, anasema. Ni kweli.

Robo saa imebaki. Hhando amesema tosha, fungueni mifuko.

Kuna kitu kinang'aa chini ya soketi. Kidogo kama kichwa cha sindano.

Maji ni ya baridi, ya tenki, na asubuhi hii ina ukungu – bomba lote lina jasho? Nimepapasa. Huku kuna jasho, kule hakuna. Sijui. Hapa ndipo gundi ilikuwa nzito.

Ningeweza kunyamaza. Wote kumi na saba wananitazama.

Nimesema, "Subirini."

Hhando akasema, "Mama Qamara, watu wana mashamba."

Nimesema tena, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Hakuna mfuko unaofunguliwa mpaka niseme mimi."

Hakuna aliyecheka.

Hhando ameshusha koleo. Amevua kofia, amepiga magoti ukingoni, anauliza kwa sauti ya chini ninaona nini. Nimempisha aone. Nimefuta lile tone kwa upindo mkavu wa kanga, pakavu kabisa, na sasa tunapatazama wote wawili, vichwa vyetu karibu kugongana: tone likirudi, kiungo kinavuja; lisiporudi, lilikuwa jasho tu, na nitasema mifuko ifunguliwe.