Vidudu Visivyo na Macho

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Tena kufunua mawe tangu asubuhi. Naandika Kiswahili, nilichokiokota migodini Katanga, kwa sababu mke wangu anasoma Kibemba tu. Madamu, Mbelgiji aliyevuka ziwa kuja hapa Nchelenge, anakusanya vidudu vya magamba, wale wenye miguu kumi na minne tunaowafagia kila siku. Mimi ni mkalimani wake na mchimbaji wake. Kumbe si wa aina moja. Wa chini ya mtungi hujikunja wakawa kama punje. Wa kwenye gogo bovu ni bapa, wanang'ang'ania. Wa ufukweni, ndani ya matete yaliyooza, wana mbio. Madamu anasema ni ndugu za kaa, bila unyevu wanakufa. Jike hubeba watoto chini ya tumbo, katika mfuko wenye maji. Na mimi miaka yote nawamwagia maji ya moto.

Jumatano, 8 Agosti

Sasa anataka wale wa pangoni, weupe, wasio na macho. Pango lipo, mwendo wa saa mbili hivi. Watu wanaliogopa kwa ajili ya ngulu, mizimu ya pale. Mulamu wangu Chola, kaka wa mke wangu, huwawekea unga mlangoni mwa pango kila apitapo. Nimewahi kuhubiri kanisani kuupinga unga huo, yeye akiwa amekaa mbele yangu, na watu wakamcheka. Basi ningesemaje? Nikasema nitaingia peke yangu.

Alhamisi, 9 Agosti

Sikuingia. Hatua chache tu, nikageuka. Nikafunua mawe ya mlangoni, nikajaza kopo, nikarudi nikiimba.

Madamu akawatazama kwa kioo chake cha kukuzia. "Hawa iko na macho," akasema. "Hawakutoka mu giza." Nikajibu haraka kwamba weupe wako mwisho kabisa, nimewaona, ila kopo lilikuwa limejaa. Njia ya mwongo fupi, nami nikaendelea kuitembea.

Ijumaa, 10 Agosti

Nimejilaza. Nasingizia tumbo. Kesho atakwenda Chola badala yangu. Alikuja kuniuliza pa kukanyaga mle pangoni pakoje. Nikamwambia pakavu, tambarare hadi mwisho. Nilisema hivyo nikimtazama usoni. Mke wangu alinipikia uji wa mgonjwa. Nimeunywa wote.

Jumamosi, 11 Agosti

Wamemleta Chola hapa kwetu kwa machela. Kuna shimo la maji katikati ya njia niliyoiita kavu. Mguu umevunjika chini ya goti.

Chupa ya vidudu ilikuwa mfukoni mwake, nzima. Weupe wawili. Kweli hawana macho, wanapapasa kwa pembe zao ndefu. Madamu aliiweka chini bila kuitazama, akalia kwa ajili ya mguu. Mimi ni mtu mbaya.

Jumanne, 14 Agosti

Wazee wa kanisa walikuja kumwombea. Wakamwuliza ilikuwaje. Akasema aliteleza, kosa lake mwenyewe. Mzee mmoja akasema hayo ndiyo malipo ya kuweka unga. Nikaitikia amina. Mimi, kwa kinywa hiki.

Alhamisi, 16 Agosti

Nimemwambia Chola kweli yote. Mke wangu alikuwa anasonga ubwali, ugali wetu, hapo nje, kwa hiyo Chola alinijibu kwa Kiswahili chake cha kuuzia samaki, dada yake asielewe.

"Nilijua kisha kuanguka. Mu matope hamukukuwa alama ya muguu wa mutu." Akausogeza mguu wake kwa mikono miwili. "Mi pia naogopaka, mulamu. Njo maana naweka bunga."

Angenitukana ningelala vizuri zaidi. Kesho nitamvulia samaki kwa nyavu zake. Ni kidogo mno.

Jumapili, 19 Agosti

Chola alibebwa hadi kanisani, akalazwa kwenye mkeka karibu na mlango. Zamu ya kuhubiri ilikuwa yangu. Nikasema naliogopa lile pango, kwamba sikuingia, kwamba nilimdanganya mulamu wangu. Watu wakacheka, wakidhani ni mfano wa kufungulia mahubiri. Nikafunga Biblia, nikaketi. Kicheko kikaisha chenyewe. Mke wangu aliinamisha kichwa na hakukiinua.

Kisha Chola, palepale mkekani, akaanzisha wimbo, na watu wakaupokea.